Mama Punje wa Ukumbi wa Hermani

Mimi nimekula semina nyingi. Nasema nimekula, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tukisema sisi watumishi wa wilaya. Nilikuwa bwana shamba wa Mbulu kwa miaka thelathini na mmoja, na tangu mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002 mpaka nilipostaafu, sidhani kama ulipita mwezi bila mimi kukaa kwenye kiti cha plastiki nikimsikiliza mtu mwenye suti akinifundisha kulima. Mada zenyewe nimezisahau karibu zote. Mtu mmoja tu wa semina zile ndiye sijamsahau, naye hakuwahi kutoa mada. Yeye alikuwa akisimama mlangoni.

Jina lake Hilaria Margwe, mzaliwa wa kijiji cha Bashay. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitambaa kichwani wakati wote, na sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Ukifika kwenye ukumbi wa hoteli ya Hermani hapa mjini Mbulu, kabla hujaandika jina, kabla hujasalimiana na mtu, unamkuta yeye ameshika kibuyu kikubwa kilichokatwa mdomo.

"Punje yako, Bwana Shamba."

Unaingiza mkono mfukoni, unatoa punje ya mahindi uliyokuja nayo kutoka nyumbani kwako, unaitumbukiza. Hapo ndipo unapita. Ilipofika saa nne, wakati wa chai, Hilaria alikuwa akimwaga kibuyu kwenye ungo, anahesabu, halafu anaufungua mlango wa nyuma na kulipigia jiko kelele: "Hamsini na nane!" Na jikoni wanapika cha watu hamsini na nane. Hawapiki cha watu themanini walioandikwa kwenye barua za mwaliko. Punje moja ni mdomo mmoja, basi. Watu wakampa jina la Mama Punje, na wapo hadi leo wasiojua kwamba anaitwa Hilaria.

Nieleze ilivyoanza, maana nilikuwepo.

Mzee Hermani alikuwa mfanyabiashara wa maharage. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kununua na kuuza atakavyo, akapata lori, kisha mwaka 1994 akajenga nyumba ya wageni yenye vyumba tisa. Hilaria akaajiriwa kufua mashuka. Kufua mashuka Mbulu mwezi wa saba siyo kazi ya mchezo, maji yanauma vidole. Alifua miaka tisa. Mkoa mpya ulipokuja na mikutano yake, Hermani alinusa mapema, akaongeza ukumbi wenye bati jekundu, na mwaka 2003 tukafanya semina ya kwanza humo. Mada ilikuwa usalama wa chakula.

Tulialikwa watu sabini. Mvua ikanyesha usiku kucha, barabara za vijijini zikaharibika, tukafika kama arobaini. Jiko lilikuwa limepika cha watu sabini na zaidi kidogo, kwa heshima ya mkuu aliyekuja kufungua. Tukala tukashindwa. Jioni Hermani akamwambia Hilaria achukue beseni la wali na nyama akamwage kwenye shimo nyuma ya vyoo.

Hilaria hakwenda shimoni. Alilibeba lile beseni mpaka ofisini kwa Hermani, akaliweka juu ya meza, juu ya makaratasi yake.

"Mzee, mwage wewe. Mimi mikono yangu haiwezi."

Nilikuwa nimekaa mle ofisini nikisubiri usafiri, nikadhani leo huyu mama amepoteza kazi. Hermani alikuwa mkali. Aliangalia beseni, akamwangalia Hilaria, akaniangalia mimi niliyetoka kuhubiriwa usalama wa chakula siku nzima. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Sasa wewe ungefanyaje?" Hermani akamwuliza. "Ningejuaje watakuja wangapi?"

"Si ungewahesabu?"

"Nimesimama mlangoni kuwahesabu, mimi?"

"Mama yangu alikuwa akihesabu," Hilaria akasema. Akaeleza kwamba siku ambayo mama yake alikuwa akiita watu kuja kumlimia, kila aliyefika na jembe alitoa punje moja ya nyumbani kwake na kuiweka kwenye kibuyu. Mama akipika, anapika kwa kibuyu. Hakuna aliyekosa, hakuna kilichobaki, na mbwa wao alikuwa mwembamba kuliko mbwa wote wa Bashay. Hermani akacheka pale kwenye mbwa. Wiki iliyofuata Hilaria alitolewa kwenye mashuka akapewa ukumbi.

Nakiri kwamba mwanzoni tulimdharau. Maofisa wengine walikataa kubeba punje, wakasema huu ni ushamba. Hilaria hakubishana nao. Alikuwa na ungo mdogo wa punje za akiba kwa wageni wa mbali, na ofisa aliyekataa hata huo, mchana ulipofika hakukuta sahani yake. Baada ya wawili watatu kushinda na njaa, ubishi ukaisha. Na mimi nilijaribu ujanja. Siku moja wamepika mbuzi, nikatumbukiza punje mbili. Hilaria alinishika mkono mbele ya mkurugenzi.

"Bwana Shamba, una matumbo mangapi?"

Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikatafuta pa kuficha uso.

Maji nayo alituondolea ya chupa. Alichemsha mwenyewe jioni, akayamimina kwenye mitungi ya udongo, asubuhi yakawa baridi na matamu, tukanywa kwa vikombe vya bati. Mimi niliudhika sana na vikombe vile. Siku hizo chupa ya maji ndiyo ilikuwa heshima ya semina. Unaikamata mkononi, unarudi nayo nyumbani, watoto wanajua baba alikuwa kwenye mkutano. Nikamwambia, ofisa mzima unaninywesha kwenye kikombe cha bati?

"Kikombe hiki nimekiosha mimi leo asubuhi," akasema. "Chupa yako imeoshwa na nani?"

Nikanywa. Mwaka 2019 serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, na hoteli nyingine zinahangaika, kwa Hermani hakukuwa na cha kubadilisha. Maganda yalikwenda kwa ng'ombe, karatasi zilizoandikwa upande mmoja zilishonwa kuwa madaftari ya jikoni, na shimo la nyuma ya vyoo lilikuwa limefukiwa zamani. Hakuna aliyemfundisha mambo hayo. Wala yeye hakuyaita mazingira. Alisema tu hapendi kuona kitu cha watu kinatupwa.

Lakini lililonifanya nimpende, kama bwana shamba, ni hizo punje zenyewe. Kwa kuwa kila mtu alileta ya kwao, watu wakaanza kushindana. Mkulima anachagua punje nzuri kuliko zote ghalani, aje aionyeshe. Wa Bashay walileta mahindi mekundu ya zamani ambayo mimi, aibu yangu, nilikuwa nikiwakataza kuyapanda. Wafugaji wa tambarare za Hanang, wasio na mahindi, waliuliza kama wanaweza kuleta mbegu ya mgunga, akawakubalia. Wenzetu wa Yaeda Chini, wanaoishi kwa kuwinda, wakaleta mbegu za ubuyu. Hilaria akishamwaga kibuyu kwenye ungo, anaangalia tu, anajua nani wamefika na nani barabara imewashinda.

Wapo waliomwelewa vibaya. Mzee Gidamis, mfugaji kutoka upande wa Katesh, alikuja mara ya kwanza mwaka wa uchaguzi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Aliificha mbegu yake ndani ya ngumi ili jirani asione, akaitumbukiza kwa makini. Mchana akamfuata Hilaria.

"Mama, nani ameshinda?"

Hilaria akafikiri kidogo, kisha akaelewa. "Umeshinda wewe, mzee. Karibu chakula." Gidamis akala kwa furaha kubwa, na kwa muda mrefu aliamini hoteli ile inaongozwa kwa kura yake.

Miaka ikaenda. Mzee Hermani miguu ikamkataa, na mwaka 2021 hoteli akaishika mwanawe Felician, kijana mwenye diploma ya mambo ya hoteli. Simlaumu sana Felician. Namlaumu kidogo. Ana adabu, anafanya kazi, ila alikuwa akiona haya. Mgeni kutoka Arusha akikuta kibuyu mlangoni, yeye alikuwa anaanza kueleza kabla hajaulizwa.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Shirika moja la mazingira lilitaka kufanya mkutano wa siku tatu, watu mia na ishirini kutoka Mbulu na Hanang, na hoteli ikiwapendeza wangeleta mikutano yao yote hapo kwa miaka mitano. Sharti lao: uwe mkutano wa kijani.

Felician akaita mpambaji kutoka Babati.

Jumapili baada ya misa Hilaria alikuja nyumbani kwangu. Hakukaa. Alisimama uani ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Felician ameniambia nipumzike siku hizo tatu. Ameleta mabinti wenye sare. Nikamwuliza, na baada ya hizo tatu? Akasema, mama, tutaona." Akaubana mkoba. "Bwana Shamba, wewe umesoma. Tutaona maana yake nini?"

Nilijua maana yake, na yeye aliijua.

"Nyumbani nina shamba na ng'ombe wawili," akasema. "Sitalala njaa. Lakini mimi mume nilimzika, watoto wako Dodoma huko. Watu wangu ni wale wanaopita pale mlangoni. Nikitoka pale, nani atakuwa na haja na mimi?"

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Jumatatu nilikwenda kwa Felician nikamwambia maneno ambayo mengine sikupaswa kumwambia mtoto wa rafiki yangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. "Mzee wangu, nakuheshimu," akasema, "lakini hawa ni watu wa kimataifa. Siwezi kuwapokea na kibuyu."

Siku ya mkutano nilikwenda, maana hata wastaafu tulialikwa. Nilipofika getini nikasimama. Ukumbi ulikuwa wa kijani kweli. Vitambaa vya kijani ukutani, vitambaa vya kijani kwenye viti, maputo ya kijani, maua ya plastiki yenye majani ya kijani, na mpambaji kwa kuona kijani kimezidi alikichangamsha kwa njano. Kila Mtanzania anajua kijani na njano zikikaa pamoja zinasema chama gani. Nje ya geti walikuwa wamesimama watu kama ishirini hawataki kuingia, na mbele yao Mzee Gidamis na fimbo yake.

"Mimi nimeitwa mambo ya miti," akaniambia. "Sikuitwa mambo ya chama. Kadi yangu ilipotea."

Ilinichukua nusu saa kuwaeleza. Saba waliondoka hata hivyo.

Ndani, pale alipokuwa akisimama Hilaria, kuliwekwa meza yenye kitambaa, bakuli la pipi na binti mmoja mwenye sare aitwaye Glory, anaandika majina. Watu waliingia, wakatazama kulia na kushoto. Mwanamke mmoja wa Bashay alisimama ameshika kitu kwenye vidole, hajui akiweke wapi. Mwishowe akakiweka kwenye bakuli la pipi. Aliyemfuata akafanya vilevile. Glory hakuelewa, lakini alilelewa vizuri, akawa anasema asante kwa kila mmoja.

Chai ya saa nne ilikuja kwenye vikombe vya karatasi, na maji kwenye chupa, safari hii zenye kifuniko cha kijani. Mchana tukaletewa chakula kwenye sahani za foili zenye mfuniko, moja moja, na uma wa plastiki. Kwa idadi ya mwaliko: mia na ishirini, na kwa usalama masufuria matatu yakaongezwa pembeni. Tulikuwa hatufiki tisini.

Kiongozi wa msafara wa lile shirika, Bi Eva, mama mpole mwenye miwani, alikula karibu nami. Hakufoka. Alinionyesha tu barua aliyokuwa ameiandikia hoteli. Ilikuwa na kurasa tatu. Ukurasa wa kwanza ulisema mkutano wa kijani. Wa pili na wa tatu zilieleza maana yake: msipike zaidi ya watakaokula, msitoe maji ya chupa, msitumie vyombo vya kutupa, mabaki yasiende shimoni. Niliusoma ukurasa wa pili mara mbili, nikahisi nasoma habari za maisha ya Hilaria. Felician alikuwa ameishia ule wa kwanza.

Nikamkuta nyuma ya jiko. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya masufuria matatu yaliyojaa na rundo la sahani za foili ambazo hazikufunguliwa, tai imelegea, anauma mdomo. Nilikuwa nimejiandaa kumsema. Nilipomwona vile, nikaghairi. Nikamsimulia tu habari ya beseni na meza ya baba yake, ambayo hakuwahi kuisikia. Alisikiliza akiangalia masufuria.

"Gari lina mafuta," akasema. "Nipeleke kwake."

Tulimkuta Hilaria uani kwake Bashay, amekaa chini juu ya turubai, anapukuchua mahindi. Felician alimwamkia, akaitikia. Nilidhani ataanza kuomba radhi, na nadhani yeye mwenyewe alidhani hivyo. Lakini Hilaria alimtazama usoni akauliza:

"Kimebaki kiasi gani?"

"Masufuria matatu, mama. Na zile za foili, kama thelathini."

"Mmefunika?"

"Tumefunika."

"Kwa jua hili mkikiacha kimefunikwa kingali cha moto, kitachacha." Alikuwa ameshasimama, anajikung'uta makapi kwenye sketi. "Ngoja nivae viatu."

Hakuzungumza kitu kingine njiani isipokuwa kuelekeza. Tukapakia masufuria, tukapita kwenye bweni la wanafunzi alilokuwa akilijua yeye, akahakikisha kimegawiwa, akasubiri masufuria yaoshwe. Felician alibeba yeye mwenyewe, na wali ukamchafua shati. Tuliporudi hotelini ilikuwa inakaribia saa kumi na moja. Mkutano ulishafungwa kwa siku ile, watu wametoka, viti vya kijani vimebaki vitupu.

"Mama," Felician akasema pale mlangoni, "kesho naomba uje. Na keshokutwa. Na..."

Hilaria alikuwa ameshamgeukia Glory, aliyesimama kando ya meza yake na bakuli mkononi, ana wasiwasi.

"Shikamoo, mama. Samahani, kuna vitu watu wameviacha humu. Nimeogopa kuvitupa."

Hilaria alilipokea bakuli. Akaangalia ndani kwa muda, kisha akavuta kiti, akamwaga vyote juu ya kitambaa cha meza. Pipi akazisogeza kando. Halafu akaanza kuhesabu kama alivyozoea, anavuta mbili mbili kwa vidole viwili, midomo inacheza bila sauti. Mahindi meupe. Mahindi mekundu ya Bashay, mengi. Mbegu za mgunga, za kina Gidamis. Mbegu nne za ubuyu, kutoka Yaeda Chini, njia yote ile.

Alipomaliza akainua kichwa, akageukia mlango wa nyuma na kupaza sauti:

"Sabini na tatu!"

Jikoni hakukuwa na mtu. Chakula cha mchana kilishaliwa zamani. Hilaria akabaki anautazama ule mlango, kisha akazitazama tena punje, na nikaona jinsi jambo lilivyomfikia polepole. Watu sabini na watatu walitoka nazo majumbani kwao asubuhi, wakamkosa, na hawakuwa tayari kurudi nazo.

Akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa, akalia. Mimi nililia pia, sioni sababu ya kuficha, na Felician alikuwa amegeukia ukutani anang'oa maputo moja moja.